Mafundo Manne ya Mwinshehe

Jicho langu halijapata kukosea kipimo. Niulizeni mlango, kitanda, hata kiuno cha mtu, nitawatajia inchi nikiwa nimekaa. Sikusoma mpaka darasa la kumi kule Dar ili nirudi Bagamoyo kupima vitu kwa uzi.

Mjomba Mwinshehe, fundi wa magari, hakujua kusoma inchi. Mwaka wa hamsini na mbili injini ya pikapu ya Bwana Humoud ilipasuka. Gari lenyewe la kabla ya vita, injini ya namna ile madukani haikuwapo tena. Tukasikia Mapinga kuna lori la jeshi limetupwa, injini yake nzima. Mjomba akatwaa uzi wa nyavu, akaulaza juu ya giaboksi ya pikapu, pale injini inapofungwa, akapiga fundo kila penye tundu la bolti. Mafundo manne.

"Kombo mwanangu, yakiangukia kwenye matundu ya injini ile, nunua. Yasipoangukia, rudi mikono mitupu."

"Mjomba, tunatafuta injini au tunavua changu?"

"Wewe cheka. Mikono itakayoingia humo ni yangu."

Mapinga nilimkuta Bi Fatu akikaanga vitumbua kando ya lori. Jogoo wake akaninyakulia cha kwanza. Nikamfunga mguu kwa ule uzi, Bi Fatu akacheka mpaka akashika mbavu. Injini nikaitazama tu. Sawasawa, nikasema, nikanunua.

"Uzi uko wapi?" mjomba aliniuliza.

"Umedondoka njiani, Kerege. Lakini nimepima, yote manne."

Injini ikaning'inizwa kwa mnyororo. Matundu yakakataa kukutana. Mjomba akaingiza mkono kupapasa kwa nini, na mnyororo ukateleza.

Hospitali waliukata mkono wa kulia. Nyumbani, kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Nilikosea mafundo. Ufundi umeniacha." Nami nilikaa palepale mkekani, nikimpepea nzi.

Ijumaa akaja Bi Fatu na jogoo kwapani.

"Pole, kaka. Habari zimenifikia Mapinga, nimekuletea wa supu." Akaniona. "Ha! Na wewe upo? Uzi wako sikuufungua, nilijua utaurudia."

Mjomba akaupapasa uzi kwa mkono wa kushoto. Fundo. Fundo. Fundo. La nne lilikuwa limebana mguuni.

Hakuniuliza mimi. "Bi Fatu, alipima vipi?"

"Kupima nini, kaka? Alimfunga jogoo, akala, akaondoka."