Digrii Mbili Tu

Mimi ni karani wa takwimu wa kituo cha afya, na sipendi mtu anichezee tarakimu zangu. Ndiyo maana mwongozo wa joto kali ulipoletwa, Mganga Mkuu wa kituo alinikabidhi mimi kipimajoto. Kazi yenyewe ilikuwa kukisoma kila siku saa nane mchana na kutuma tarakimu wilayani. Kikifika digrii arobaini siku mbili mfululizo, nawapigia simu wilayani, na wao wanasimamisha kazi zote za juani mpaka jua lipoe.

Mwongozo ulisema kitundikwe nje, kivulini, kwenye nguzo. Cha kwanza kiliibwa wiki ileile. Cha pili nikakitundika ndani, kwenye korido, mlangoni pa chumba cha friji za chanjo chenye kiyoyozi, mahali ninapokiona bila kunyanyuka kitini. Mganga Mkuu alinisifu kwa kutunza mali ya umma, nami nikavimba kichwa.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kikosi cha kumwaga lami barabara inayopita mbele ya kituo. Tangu utotoni tulimwita Greda, kwa jinsi alivyokuwa akisafisha sahani. Kila mchana alikuja dirishani kwangu kunywa maji, midomo imepasuka, fulana imeganda chumvi ya jasho.

"Dada, leo ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Hicho kipimajoto chako kinaishi nchi gani?"

Tulicheka. Wiki iliyofuata hakuwa na utani.

"Andika arobaini, dada. Digrii mbili tu, nani atajua? Jana wameanguka wawili, na msimamizi anasema bila amri ya wilaya hasimamishi kitu."

"Nikidanganya leo, kesho nani ataliamini daftari langu?" Nilimjibu kwa ukali, vile nilivyokuwa nikimkemea akiwa mtoto.

Akarudisha kikombe. "Haya, dada," akasema, akaenda zake.

Siku tatu baadaye wenzake walimleta wamembeba kwenye turubai. Ngozi yake ilikuwa kavu na inaunguza, naye akaniita kwa jina la marehemu mama. Muuguzi alimwekea vifuko vya barafu vya kubebea chanjo kwapani na kwenye kinena, akammwagia maji, akampepea kwa jalada la faili. Haikusaidia. Saa saba na dakika ishirini nilimfumba macho mimi mwenyewe; mkewe, wifi yangu, alikuwa bado njiani.

Mganga Mkuu akaja na fomu ya kifo. "Pole sana," alisema taratibu. "Tuandike moyo. Joto hatuwezi kuliandika, daftari lako lenyewe linasema thelathini na nane."

Hasira zilinipanda. Nilikinyofoa kipimajoto ukutani, nikatoka nacho, nikakifunga kwenye ile nguzo ya kivulini, nikasimama kukisubiri. Kilipanda mpaka arobaini na tatu kikatulia hapo. Ng'ambo ya uzio, wale waliombeba walikuwa wamesharudi kwenye lami.

Nikapiga simu wilayani.

"Ya leo nimeipokea," alisema afisa. "Lakini mwongozo unataka siku mbili, na jana uliniletea thelathini na nane. Nipigie tena kesho."

Kesho. Nikikubali, hakuna atakayejua nilichofanya, na wale wataendelea kumwaga lami.

"Jana pia ilizidi," nilisema. "Na juzi, na mwezi mzima. Kipimajoto kilikuwa ndani, kwenye ubaridi wa chumba cha chanjo."

"Nani alikiweka huko?"

"Mimi."

"Unajua hili nitaliandika."

"Liandike. Ila wasimamishe sasa hivi."

Nusu saa baadaye filimbi ya msimamizi ililia. Wanaume waliketi kivulini chini ya lori. Wifi aliingia getini mbio, kanga imemdondoka begani, akanikuta kwenye benchi, fomu bado tupu mapajani mwangu.

"Wifi, nini kimemuua?"

"Joto," nilimwambia. Kisha nikamshika mkono, nikamweleza alichoniomba dirishani, na nilichomjibu.