Madoa Meusi ya Giheke

Larissa alianza kumdharau Sibomana siku alipomsikia akiwaambia wanafunzi kwamba uyoga ni mmea. Wote wawili walifundisha biolojia katika shule moja ya Gihundwe. Sibomana alikuwa na koti la maabara jeupe pe, na mdomo. Kichwani, kwa maoni ya Larissa, mlikuwa na upepo tu.

Siku moja waliwapeleka wanafunzi Giheke. Kwenye ukingo wa mfereji, kando ya mashamba ya maharage, udongo ulifunikwa na vijimea bapa vyenye vipembe vyembamba, na ndani yake vidoa vyeusi. Sibomana hata hakuinama.

"Batoto, muone, hii iko maradi. Itakula maharage yote."

Larissa alicheka moyoni. Vidoa vile ni makazi ya sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga: mmea huwapa sukari na hifadhi, nao hunasa naitrojeni ya hewani wakaulisha. Alichukua vijimea kiasi, akawatoa bakteria hao, akawakuza chupani dirishani. Walipotosha akawagandisha, kisha akawaponda majini. Maji yakageuka buluu. Alipoyamulika tochi, yakatoa mng'ao mwekundu. Ilikuwa fikosianini, rangi ambayo sianobakteria hunasia mwanga; si maradhi.

Akamwonyesha Sibomana.

"Umetia wino," akasema yule bwana, akaenda zake.

Wakulima walipoitwa shuleni, Sibomana aliwaagiza wapulizie kingo zote dawa ya kuua magugu. Larissa alikuwa amekaa nyuma. Abishane na mjinga yule, tena mbele ya watu wasiojua hata bakteria ni nini? Akanyamaza, akatabasamu.

Wakapuliza. Kingo zikabaki uchi, na mvua kubwa ya kwanza ikasomba udongo pamoja na miche.

Mukankusi, mmoja wa wakulima wale, alikuja kuuliza. Larissa akamweleza yote, akimtukana Sibomana kila alipovuta pumzi.

"Yeye hakujua," Mukankusi akasema. "Weye ulijua, Madame, ukakaa pale unacheka. Uliona siye hatuko bantu ba kuelezwa?"

Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anayepima kitenge kibovu, akatoka bila kuaga.

Kesho yake Larissa alipanda pikipiki hadi Giheke. Alimkuta Sibomana ameshatangulia, amevua koti, yumo matopeni na wakulima akirudisha udongo ukingoni, bado akipayuka upuuzi wake. Wakampisha Larissa apite. Hakuna aliyempa jembe.