Kiboko wa Barazani

Salima binti Nasoro alikuwa uani akichambua mchele, saa nne asubuhi ya Ijumaa, mawe akiyaweka kushoto mwa ungo na chuya kulia, kiboko alipopiga hodi mlango wa mbele.

Alipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Alikuwa ametoka Sitalike kwa miguu, akiufuata mto Katuma mpaka ulipokwisha, kisha akaifuata barabara hadi Mpanda mjini. Vumbi lilikuwa limempanda hadi mapajani, kwa kuwa mapaja yake hayako mbali na ardhi.

Nyumba ile ni ya Waarabu. Babu yao alitoka Maskati, akapitia Ujiji, akafika Mpanda na marobota ya nguo. Wajukuu wanalima na kuuza mchele. Wanajua Kiarabu cha kuswalia na Kikonongo cha kugombana sokoni. Kitu kimoja cha babu hakijapungua hata uzi: pazia la kijani kati ya baraza na ua. Wanaume na wageni wao hukaa mbele. Wanawake hukaa nyuma. Mambo ya ardhi na maji husemwa mbele.

Hilali, kaka mkubwa wa Salima, ndiye aliyefungua mlango.

"Nimekuja kwa ajili ya maji," kiboko alisema, kwa Kiswahili cha Sitalike. "Tuko mia mbili kwenye dimbwi moja. Tunalala kwa zamu, na wa chini haamki."

Hilali alimtazama kwa adabu. Ngozi ya mgeni ilikuwa laini, macho ya upole, sauti ya chini. Tena alikuwa amekuja kulalamikia maji.

"Huyu ni mwanamke," Hilali aliwaambia wazee waliokaa barazani. "Mpelekeni uani."

Wazee waliafiki. Mgeni hakutia neno, maana hata kwa viboko mgeni hamsahihishi mwenyeji.

Uani alipewa tangi la saruji la kufulia. Bibi Zuwena, mwenye miaka themanini na moja, alimsogezea mkeka ili kichwa kisilale kwenye saruji, akamuuliza habari za nyumbani. Kiboko akazieleza. Salima aliendelea na ungo, lakini mkono wake ulikuwa hauoni tena jiwe wala chuya.

Maana habari ile ya kukosa maji alikuwa nayo yeye miaka minne. Baba yao alipofariki, shamba la bondeni liligawanywa: kaka zake wakapata upande wa juu, panapoingia mfereji, na Salima akapata ekari tatu za mkiani. Hilali akajenga lango la chuma, akaugeuza mto Katuma wote uingie upande wa juu. Ufunguo wa kufuli anauvaa shingoni hata akioga. Kila Jumatatu Salima huchomeka kijiti mtoni na kukikata alama maji yalipofika. Alama ya mwisho aliikata kwenye matope.

Jioni ile alisimama nyuma ya pazia.

"Kaka Hilali, mpunga wangu umebeba mimba. Ukikosa maji wiki mbili, utazaa makapi. Fungua lango hata siku tatu tu. Na mgeni hapa anasema huko chini wanakufa."

"Salima, mdogo wangu, kahawa iko wapi?"

"Iko jikoni. Nasema maji."

"Na mimi nasema kahawa."

Akapeleka kahawa, kwa mkono uliopita pembeni mwa pazia.

Ikawa hivyo siku tisa. Kila jioni kiboko alisema, Salima akayapeleka maneno mpaka kwenye pazia, na pazia likayapokea. Siku ya tisa, mgeni alitoka tangini, akaugeuzia ukuta mgongo, akazungusha mkia kama pangaboi. Kinyesi kilienea ukutani, kwenye kamba ya nguo, na kwenye pazia la Maskati kutoka juu hadi chini.

Hilali alimwita Kassiani, askari wa wanyamapori, aje kumshauri kuhusu usafi. Kassiani aliutazama ukuta muda mrefu, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake.

"Nyie, huyu ni dume," alisema.

"Dume?"

"Mzee Hilali, haya yaliyotapakaa ndiyo kazi yao madume. Hapa ameweka mipaka. Anasema pote hapa ni kwake."

Baraza iliingiwa na aibu. Mtu mzima, mwenye mipaka yake, wamemweka na masufuria! Wazee waliingia uani kumwomba radhi. Ndipo Hilali akakumbuka kwamba mwanaume asiye maharimu amekaa na wanawake wa nyumba siku tisa.

"Mimi siku zote hizo sikuwa na mtandio," alisema Bibi Zuwena. "Kama kuna wa kusitiriwa hapa, ni yeye. Mmeliona tumbo lile?"

Kiboko akahamishiwa barazani. Akatandikiwa zulia, akamiminiwa kahawa kwenye sufuria, akaletewa tende sinia nzima, akala pamoja na sinia. Ilisemekana ana mwendo wa hekima.

"Haya, Sheikh," alisema Hilali, "tupe rai yako kuhusu maji."

"Rai yangu ni ya Salima," kiboko alijibu. "Fungua lango. Mwenyewe yuko hapo nyuma, ana kijiti. Mwiteni."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema hajapata kusikia shauri zito namna ile tangu azaliwe. Mwingine alisifu unyenyekevu wa mgeni, kumtaja hadi mtoto wa kike. Ikaandikwa kwamba Sheikh Kiboko ameshauri lango lifunguliwe, kwamba shauri limepokelewa kwa heshima zote, na kwamba litajadiliwa baada ya mavuno. Kisha wakamchagua mjumbe wa kamati ya mfereji.

"Sikuomba ujumbe," alisema kiboko.

"Ndiyo maana unakufaa," alisema Hilali.

Salima alikuwa nyuma ya pazia, alilokuwa amelifua mwenyewe asubuhi kwa ndoo saba. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yote, moja moja, kwa sauti nene ya kiboko.

Mpunga wa ekari tatu ulizaa kwa wakati wake. Aliuvuna, akauanika, akautwanga, akaupepeta uani. Upepo ukauchukua karibu wote. Mbele ya pazia kiboko alikuwa akiombwa rai kuhusu bati za paa, posa ya mpwa wao na bei ya mbolea. Kila mara alijibu kwamba lango lifunguliwe. Kila mara waliandika.

Mwezi uliofuata walikuja viboko wengine watatu, wamekonda, wamepasuka ngozi. Walipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Safari hii Hilali alikuwa amejifunza. Hata kabla ya salamu, aliuliza:

"Dume au jike?"

"Jike, sote."

Akawaonyesha njia ya uani.

Bibi Zuwena alisogea mkekani. Salima aliuweka ungo chini, akaenda kuwajazia tangi.