Mlinzi wa Lango la Sindano

Adhuhuri ile Bi Mishi hakula kitu. Alirudi nyumbani kutoka ofisi ya afya na rasimu ya kanuni mkobani, na alasiri ilikuwa irudi kwa mkurugenzi ikiwa na sahihi yake. Aliiandika mwenyewe, na aliiona njema: anayejidunga unga wa kulevya atapewa sindano mpya akirudisha iliyotumika, tena aonyeshe kitambulisho. Sindano zisizagae mitaani, maradhi yasisambae, nani angepinga? Ila kikaoni asubuhi muuguzi mmoja alimuuliza, “Bi Mishi, ushawahi kupita mbele ya polisi na sindano kuukuu mfukoni?” Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini moyo ukamwuma. Kwa mama yake kulikuwa na mdogo wake, Sudi, aliyekuwa akijidunga mwaka wa tatu sasa, na ofisini hakuna aliyejua kama ana ndugu. Akajinyoosha mkekani apumzishe mgongo, usingizi ukamwiba.

Akajiona katika nchi ya mchanga mweupe, jua la utosi, hakuna kivuli hata cha kunguru. Kuliani alisimama mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, mikono inanuka spiriti. Kushotoni mwingine, kimya, kashika pindo la buibui lake kwa nguvu. “Mimi Huruma,” akasema wa kulia. “Tulijuana ulipokuwa ukisomea uuguzi, kisha ukapanda cheo ukanisahau. Huyo wa kushoto ni Aibu. Yeye hujamsahau, umekuja naye. Haya twende, mwanangu, ukaone kazi ya kalamu.”

Wakafika penye lango. Mbele yake, mezani, aliketi Bwana Kanuni, shati limepigwa pasi, mpole wa kauli, na nyuma yake makasha ya sindano mpya yamepangwa hadi juu, za kuwatosha wote na kubaki. Lakini kulifikia lango sharti upite kwa Hofu, naye alisimama njiani na sare ya polisi na pingu, akipekua mifuko, na kila aliyekutwa na sindano iliyotumika alifungwa akaondolewa. Basi wasafiri waliozijia sindano hizo walipomwona tu kwa mbali walizifukia zao kuukuu mchangani, wakapita salama, wakafika kwa Kanuni mikono mitupu. “Huna ya zamani, sina mpya,” alimwambia kila mmoja kwa adabu. Nao hawakuweza kukaa kungoja, kwa sababu nyuma yao alikuja Arosto, yule anayemsokota mtu matumbo na kumtetemesha mifupa akikosa unga, na Arosto hajui kesho. Wakarudi mbio kuchimbua mchanga, na aliyepata sindano hakuuliza ya nani.

“Si waelewane hawa wawili, Hofu na Kanuni?” Mishi akauliza kwa uchungu. “Wote si wa serikali moja?”

“Kila mmoja ana waraka wake,” Huruma akajibu. “Na mwenye kufa hana waraka wowote.”

Hapo akamwona Sudi. Alikuwa amekonda, kanzu ya Idi iliyopita inampwaya. Alisimama mezani, akageuzwa, akapiga magoti akichimba kwa vidole, akaibuka na sindano yenye damu ya mwingine. Mishi akataka kumwita, na Aibu akamziba mdomo. “Ukimwita, watajua ni wako,” akanong’ona. Mishi akamgeukia Huruma kwa macho. “Sauti yangu haimfikii,” Huruma akasema. “Mimi si dadake.” Na Kanuni, bila kuinua uso, akasema, “Mama, mimi nafuata nilichoandikiwa. Andikeni vingine, nitafuata vingine.” Sudi alikuwa ameshakaza mshipa. Mishi alijitahidi kupiga kelele, pumzi zikamwishia.

Alizinduka muadhini akiadhini alasiri. Alikaa mkekani akaona aibu juu ya aibu, kwani hakuna alichoonyeshwa ambacho hakukijua. Sudi mwenyewe alishamweleza jinsi wanavyozifukia wakiona polisi. Alilijua hilo alipokuwa akiandika, akaliacha, asije akaulizwa kalijuaje.

Rasimu iliporudi ofisini alasiri hiyo, mkurugenzi alikuta mistari miwili imekatwa, ule wa kurudisha sindano na ule wa kitambulisho.

“Mbona hivi, Bi Mishi? Asubuhi uliitetea mwenyewe.”

“Wanakamatwa nazo njiani, bwana. Kwa hiyo wanazitupa, kisha wanachangia moja. Wapewe bila masharti, na polisi waandikiwe wasiwaguse.”

“Bodi itaniuliza umepata wapi habari hizi. Nani kakwambia?”

Makarani wawili waliinua vichwa. Bi Mishi alihisi tena ule mkono mdomoni, wa baridi, akausogeza.

“Mdogo wangu kaniambia,” akasema. “Anaitwa Sudi. Anajidunga.”