Nguo ya Jaja Nakku

Watu wana mambo! Tulipojenga nyumba ya Kiganda katikati ya bustani yetu hapa Entebe, tulidhani wageni watatazama ngoma na vibuyu, wasome vibao, waende zao. Wapi! Wote walikimbilia nguo ya gome la mti wa mutuba iliyotundikwa ukutani. Wakaishusha, wakajifunga, wakapigana picha. Bwana harusi mmoja alimviringisha mkewe mpaka kichwani, watu wakapiga makofi. Na mimi nakata tiketi langoni, nacheka nao, mjinga mimi.

Aliyeileta ni mwenzangu kazini, Nambalirwa. Mkubwa wetu alitaka nguo ya kale, si hizi za kuuzia watalii, naye Nambalirwa badala ya kusema hana, akafungua sanduku la bibi aliyemlea. Mle Jaja Nakku, ndiye bibi huyo, aliweka nguo yake ya kuzikiwa. Marehemu mumewe aliigonga mwenyewe kutoka gome la mti wa shambani kwao, akamwambia kwamba akitangulia yeye, basi hiyo ndiyo mikono yake ya kumfunika. Nambalirwa alijua yote hayo. Alijiambia atairudisha kabla bibi hajafungua sanduku. Tena, ili wageni wasiogope kuigusa, akajifunga yeye wa kwanza, akapigwa picha. Picha ikazunguka kwenye simu mpaka kijijini kwao.

Jumapili Jaja akaja, vazi lake la gomesi limepigwa pasi, akalipa kiingilio kama mgeni yeyote. Nambalirwa alipomwona alipiga magoti palepale kwenye changarawe, akamsalimu. Bibi akaitikia, akapita, nami nikamfuata; akasimama nyuma ya wageni. Msichana mmoja alikuwa amejifunga ile nguo, anajigeuzageuza mbele ya simu. Jaja akamwekea upindo vizuri begani, akamwambia imempendeza. Hakumwambia ni nguo ya nini. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze, nami si wa ukoo wao.

Wageni walipotoka, Nambalirwa akaikunja, akampa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

“Nisamehe, Jaja. Haikuchanika popote. Nairudisha sandukuni leo hii.”

“Sikuuliza kama imechanika. Nani aliivaa kwanza?”

“Mimi, Jaja.”

“Basi mikono ya babu yako imekwisha kupata mtu wa kumfunika. Kaa nayo. Mimi nitafunikwa kwa nguo zitakazoletwa na majirani.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angemtukana, maana tusi huzoeleka. Akauliza choo kiko upande gani, kisha akaenda zake.

Jumatatu mkubwa aliitaka ile nguo irudi ukutani, eti wageni wanaiulizia. Nambalirwa akakataa, akamwambia na kazi aichukue kama anaitaka. Mchana likaja sanduku la Jaja kwa bodaboda, tupu, limefutwa vumbi. Dereva alikuwa na salamu moja tu ya bibi: nguo isilale nje.