Buni Chini ya Ulimi

Kisa cha Mwalimu Gozbert hakuna anayekijua hapa Mtoni kama huyu anayekisimulia; ukimtoa mkewe, ukimtoa Mwanaheri wa nyumba ya pili, ukiitoa na nusu ya Barabara ya Kilwa. Haya, wa mwisho naye si haba.

Jumamosi ile mchana Gozbert alirudi kutoka chuoni akiisukuma baiskeli, na tairi zote mbili zina upepo. Nguvu za kuipanda hakuwa nazo. Mwaka wa kumi na tano huo anawafundisha walimu kufundisha, na chaki imemkaa kooni kama kwa mwingine ugoro.

Wiki tatu chuo kilikuwa hakisomi. Mwenzake, Mwalimu Projestus, alifukuzwa kwa kuwaambia wanafunzi kuwa serikali ya Mwingereza haikuteremka na mvua, na kwamba si dhambi kuiuliza inaondoka lini. Wanafunzi wakagoma kula. Walimu watano wakamwandikia Mkuu wa Chuo barua: mwalimu aachwe aseme anachokijua, na Projestus arudishwe. Barua aliitunga Gozbert, maana ndiye mwenye Kiingereza cha kunyoosha.

Asubuhi hiyo Mkuu aliwaita mmoja mmoja. Anayefuta jina lake kwenye barua, abaki na kazi. Asiyefuta, Jumatatu aweke funguo za nyumba ya chuo mezani. Kalamu alitoa yeye Mkuu, na kidau cha wino akakifungua mwenyewe.

Gozbert alifuta. Mstari mmoja tu, nao ulikwenda upogo.

Njia nzima alijiambia atamweleza mkewe taratibu, akishakunywa maji. Lakini kufika mlangoni akamkuta Auleria amepiga magoti juu ya godoro, analifunga kamba. Masufuria yamo ndani ya mkeka. Projestus, aliyewahi kuleta habari za Mkuu na kalamu yake, amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki, na Mwanaheri amesimama na ufagio, jasho linamtiririka.

"Baba Koku," Auleria akasema, "hukufuta?"

Akawatazama wote watatu. Alikuwa amechoka mno, hata ukweli akauona mrefu kuusimulia.

"Nifute? Mie?"

Mwanaheri akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Nilisema! Mwalimu, chumba tayari. Kile cha mbuzi. Mbuzi nimeshawatoa, nimefagia, nimefukiza udi. Harufu imebaki kidogo tu, mtaizoea."

"Ahsante, Bi Mwanaheri," alisema Gozbert, akaketi juu ya sufuria.

Projestus akainuka kitini. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Auleria akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha ukindu alichokuja nacho kutoka Bukoba: buni za kutafuna, zilizochemshwa zikakaushwa. Kwao, wawili waliosimama pamoja hugawana ganda moja, kila mtu punje yake. Na anayeimeza akiwa na uongo moyoni, wazee husema, tumbo humvimba.

Gozbert mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi miaka yote kuwa hayo ni ushirikina. Alikuwa na somo zima juu yake, na mchoro ubaoni.

Projestus akapasua ganda kwa ukucha. "Ndugu yangu," alisema, akampa punje. Akatia yake mdomoni, akatafuna, akameza.

Gozbert akatia yake. Akaisukuma chini ya ulimi, akameza mate kwa kishindo.

"Sasa tuambie," Projestus akasema. "Ulimjibu nini yule mzungu? Yote, nataka nisikie."

"Nilimwambia," Gozbert akaanza, "mwalimu hawezi kufungwa mdomo..." Lakini maneno yalitoka manene, yanatelezateleza.

"Maskini, jino?" Mwanaheri akauliza. "Nina karafuu nyumbani."

"Si jino."

Auleria aliiacha kamba ya godoro. Akamwendea mumewe, akaweka kiganja chini ya kidevu chake, kama alivyokuwa akimfanyia mtoto wao Koku alipotia kokoto mdomoni.

"Tema."

"Mama Koku..."

"Tema, Baba Koku."

Akatema. Punje ikalala kiganjani, nzima, haina hata alama ya jino. Projestus aliitazama, kisha akatazama chini kwenye miguu yake.

Mwanaheri akaegemea ufagio wake.

"Kwa hiyo," akauliza, "mbuzi niwarudishe?"