Kwa Chilewa

Mama yule aliingia stesheni kama aliyezaliwa na vumbi lenyewe, kibuyu cha maziwa mkononi, akampita askari bila kumtazama.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo, mama," akajibu Abbasi. Alikuwa kijana Mrangi wa Kondoa, mfunga breki wa gari moshi. Yeye ndiye aliyetangaza majina ya vituo, maana abiria wa behewa la nyuma hawakujua kusoma vibao.

"Marahaba. Ndiwe unayepiga kelele humu?"

"Ndimi, mama."

"Mbona unatutajia Mjerumani? Hapa ni Kwa Chilewa. Chilewa alichimba kisima mwaka wa njaa, akafia humo humo, maji yamemfika magotini."

Kweli, kibao kilibeba jina la afisa ambaye hakuwahi kuonja maji ya hapo.

Mama akaketi juu ya mataruma ya reli. "Mwanangu Sila anarudi kutoka pwani. Baruti ya kupasulia miamba ya reli imemla macho. Salamu zimenifikia, siku sijaambiwa. Ningemngoja hapa, lakini uwele umeiva na ndege hawana huruma. Asiposikia jina la kwao, atapitilizwa mpaka Tabora."

"Nitaliita, mama."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Akampa kibuyu, akaondoka. Khamisi, mfunga breki mwenzake, akacheka. "Mrangi kanunuliwa na Wagogo kwa maziwa ya mgando."

"Matamu lakini," Abbasi akasema, akajipangusa mdomo.

Tangu hapo alitaja jina la kibao kwanza, kisha akaita, "Kwa Chilewa!" Kila alipoita, aliona kama nchi yote ile nyekundu imegeuza shingo kusikiliza. Akaanza kuwaza kwamba chini ya kila kibao cha reli yamelala majina mengine, kama mbegu zinazongoja mvua.

Bwana wa stesheni akapata habari. "Jina ni moja. Ukiongeza lingine, hiyo kofia utaivua, urudi kubeba kokoto za reli."

Kofia ile ndiyo iliyomtoa kwenye kokoto. Bega lake bado lilikuwa na kovu.

Safari iliyofuata, bwana huyo alipanda behewa la nyuma, akaketi karibu na mlango. Gari likapunguza mwendo. Abiria walisinzia, wengine wamejifunika mashuka gubigubi. Labda Sila hayumo, Abbasi akajiambia. Labda atakuja wiki ijayo, bwana akiwa hayupo. Akataja jina la kibao. Mawazoni akamwona mama akiwa peke yake katikati ya uwele, akiwafukuza ndege huku sikio lake liko relini.

"Kwa Chilewa!"

Bwana akanyoosha mkono, akaichukua kofia.

Kwenye kona, shuka likasogea. Mtu mwembamba akainuka, akapapasa ukuta kwa fimbo.

"Nani kaita kwetu?"

"Mimi, kaka. Shika hapa. Ngazi iko chini kidogo."

Wakashuka pamoja. Filimbi ikalia, gari likaondoka bila Abbasi, moshi ukatawanyika juu ya miti ya mikakaya kama ndoto iliyokwisha kuotwa. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na jua lilikichoma.

Sila akatega sikio. Ng'ambo ya kisima, sauti ya mwanamke ilikuwa ikiwafukuza ndege.

"Twende," akasema Abbasi, akaishika ncha ya fimbo, akatangulia.